Mbele Yangu Iko Vitu Mingi

Jana nimewasikia. Babu yenu Yakobo, mdogo wangu, alikuwa anatafuta kofia yake. Kofia ilikuwa kwenye kiti, pamoja na nguo zilizokunjwa, redio na sahani ya ndizi. Mmoja wenu, jina silitaji kwa sababu anajijua, akamwambia: "Koko, macho uko nayo ya nini?" Mkacheka wote mpaka majirani wakachungulia. Mimi nilikuwa na sufuria ya sombe motoni, na mtu hagombezi watoto huku sombe inaungua. Leo hakuna sombe. Kaeni chini.

Nitawaambia habari za kazi yangu, na ndani yake kuna jibu la swali lile la macho.

Mimi, Machozi, nilikuwa mchaguaji. Msidhani ni kazi ya kukaa. Hapa mjini Baraka, kabla ya vita, kulikuwa na depo ya mazao karibu na ufuko wa ziwa, na mchele na karanga za Fizi nzima zilipita mikononi mwa wanawake kabla hazijaingia gunia. Unachukua lungo, unapepeta, maganda yanaruka, halafu unalaza macho juu ya kile kilichobaki: mawe, mapumba, punje zilizooza, wadudu. Kila mmoja wetu alikuwa na uzi wake wa kufungia gunia. Wangu kijani. Gunia likileta matata mbele ya safari, uzi unasema ni la nani.

Aliyenifundisha ni Mama Wabiwa, mwenye uzi mwekundu. Wakati ule nilikuwa msichana, nina kiburi, na macho yangu yalirukaruka kama panzi. Akanipiga kofi mkononi.

"Machozi, unatafuta nini?"

"Natafuta mawe, Mama."

"Njo maana hauyaoni. Usitafute jiwe. Angalia muchele. Jiwe itajileta yenyewe, haina adabu."

Akachora mistari kwa kidole juu ya lungo, kama matuta ya shamba. Macho yanalima tuta moja, yanafika mwisho, yanarudi kuanza la pili. Jifunzeni hilo hata kama hamtachagua mchele maisha yenu yote. Mtu akipoteza sindano, namwona anavyozungusha macho chumba kizima, natamani kumpiga lile kofi.

Mwaka wangu wa kwanza niliacha jiwe moja. Moja tu. Mwalimu mmoja akaja depo na jino lake ndani ya karatasi. Akaonyesha uzi wa gunia. Kijani. Mama Wabiwa akanisukuma mbele.

"Mwalimu, njo huyu. Mupe ile jino, aichunge."

Nilifunga jino la mwalimu kwenye pembe ya kikwembe nilichojifunga kiunoni, wiki nzima. Kila nilipokaa, lilinigusa. Sikuacha jiwe tena kwa miaka mingi.

Na kulikuwa na sheria nyingine ya depo: aliyechagua ndiye anakula kwanza. Chakula kikiiva, sahani ya kwanza ni ya mchaguaji, mbele ya watu wote. Kama kuna jiwe, livunje jino lako wewe. Ilikuwa sheria, na ilikuwa heshima pia. Mama Wabiwa alikula kwanza maisha yake yote, polepole, akitutazama kwa dharau.

Basi vita vikaja. Vile vya kwanza vikapita, tukarudi, tukafagia nyumba, tukasema imekwisha. Vile vya pili vikatukuta tunafagia bado. Tukapanda milimani upande wa Fizi, wanawake saba wa depo, na gunia moja la karanga za mbegu tulilolibeba kwa zamu. Watu wengine walibeba magodoro. Sisi tulijua godoro haliotei shambani.

Kiongozi wetu alikuwa Mama Zaina, wa familia ya Waislamu wa ufukoni. Mama mfupi, sauti ndefu. Yeye alibeba kichwani kifurushi cha nailoni, na ndani yake sanda yake mwenyewe, kitambaa cheupe kipya alichojinunulia zamani ili asizikwe na nguo ya kuazima.

Nikamtania njiani: "Mama Zaina, unakimbia kifo na nguo ya kifo iko ku kichwa?"

"Nakimbia kifo kibaya," akasema. "Kile kizuri kinikute niko tayari. Tembea, we."

Kule juu katekista mmoja alitupa kibanda na kipande cha shamba. Mvua ilikuwa karibu. Tukatoa maganda, tukakaa kuchagua mbegu. Mbegu ni kazi kali kuliko chakula. Jiwe katika chakula linavunja jino, lakini mbegu iliyooza inaacha shimo shambani, na shimo lile ni njaa.

Siku hiyo nikapita kuangalia kazi za wenzangu. Katika fungu la Mama Wabiwa, mwalimu wangu, nikakuta karanga zenye ukungu. Nikakuta zilizotobolewa na wadudu. Nikakuta na kidonge cha mavi ya mbuzi, kizuri, cha mviringo, kimekaa katikati kama mgeni wa heshima. Nikakiinua juu.

"Mama Wabiwa, mwaka huu tunapanda mbuzi?"

Wote wakacheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu nilisema vizuri. Sikilizeni: maneno niliyosema vizuri kuliko yote maishani mwangu ndiyo ninayoyajutia.

Mama Wabiwa aliweka lungo chini taratibu. Akasema, "Macho yangu imeisha." Akatoka. Chakula kilipoiva hakuja. Kesho yake pia hakuja, nikampelekea sahani nyuma ya nyumba.

"Mi sikuchagua," akaniambia. "Nitakula na uso gani?"

Jioni ile Mama Zaina akaniita pembeni. Hakuwa mama mbaya. Alikuwa na watu wa kuokoa.

"Machozi, we njo ulimucheka, sasa sikia na jambo la kulia. Ile siku tulipanda huku, katika batu mingi, Wabiwa alisimama katikati ya njia kama mbuzi. Nikamuvuta. Mara tatu. Tukikimbia tena, atasimama tena, na atatusimamisha sisi wote. Tutamuacha ku familia ya katekista."

Nilijua maana yake, na yeye alijua. Siku masasi ya bunduki yakilia, katekista naye angekimbia, na angeshika kwanza mikono ya watoto wake. Mama Wabiwa hakuwa na mtoto karibu. Watu wake walikuwa sisi, na sisi tulikuwa watu wa kazi. Asiyekuwa na kazi kati yetu alikuwa mzigo, na mizigo wakati ule ilitupwa porini kila siku.

Basi nikaamua kumrudisha kwenye lungo. Nikafanya makosa mengi kwanza.

Kosa la kwanza: lineti, yaani miwani. Nilidhani ni macho. Nikaazima zile za katekista, kubwa, zimefungwa kwa waya sikioni. Mama Wabiwa akazivaa, akawa kama bundi. Nikampeleka nje.

"Unaona nini?"

Akazivua. "Na hizi, naona ukungu. Bila hizi, naona mutumbwi."

"Mtumbwi gani?" Ziwa lilikuwa chini kabisa, mbali, tupu, kama sahani iliyooshwa.

"Ule. Batu batatu. Wa nyuma iko na nguo nyekundu."

Nikakaza macho mpaka machozi yakatoka. Nikaita msichana wa katekista, macho ya miaka kumi na minane. Akatazama sana. "Ni kweli," akasema. "Watatu."

Nikarudisha lineti na aibu yangu.

Kosa la pili lilikuwa hasira. Mama Wabiwa alikuwa ananisaidia kupika, nikamwomba chumvi. Kopo la chumvi lilikuwa karibu na goti lake, kati ya sufuria, mwiko, vitunguu, visu na majani ya sombe. Mkono wake ukaenda, ukarudi. Ukagusa kitunguu. Ukagusa kisu. Ukapita juu ya kopo lenyewe.

"Mama! Chumvi iko mbele yako!"

Akanitazama. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni.

"Machozi, mbele yangu iko vitu mingi."

Nikaweka mwiko chini. Miaka yote ile ya kuchagua, nilifikiri tunachagua kwa macho. Macho ni wapagazi tu. Yanabeba kila kitu yanakitupa ndani: kopo, kisu, kitunguu, kelele ya kuku. Mchaguaji mwenyewe amekaa kichwani na lungo lake. Wa Mama Wabiwa alikuwa amechoka. Ziwani kulikuwa na mtumbwi mmoja juu ya maji matupu. Hakukuwa na cha kuchagua, kwa hiyo aliuona kuliko sisi sote. Karibu na goti lake kulikuwa na soko zima.

Nikamuuliza mwuguzi mmoja mkimbizi, aliyekuwa akitibu watu kwa dawa mbili alizobaki nazo. Akaniuliza kama Mama anasahau. Ndiyo, kidogo, siku za wiki, majina ya watoto wa watu. Kama ukimsemesha akiwa kazini anapotea? Ndiyo. Akatikisa kichwa. Akasema ni ugonjwa wa akili kuzeeka, ndio unaanza, wala si uchawi wala uvivu, na katika zile dawa zake mbili hakuna hata moja ya huo. "Mupunguzie vitu," akasema. "Utaona iko mutu bado."

Kupunguza vitu. Hiyo ni kazi yetu, au siyo?

Nikaanza. Niliondoa lungo, kwa sababu lungo lenyewe limesukwa, lina mistari yake, na mistari inasumbua. Nikatandika kitambaa chini. Hapo ndipo nilifanya kosa la tatu, lile ambalo wajukuu zangu wa kike mtapenda kusikia. Nilitandika kikwembe changu kizuri, kile nilichokimbia nacho kwa sababu nilikataa wezi wakivae. Kilikuwa na maua, ndege, na mbegu za maboga zimechapwa kila mahali. Nikamwaga karanga juu, nikaondoka kwa furaha.

Niliporudi, Mama Wabiwa alikuwa anakwangua kikwembe kwa ukucha. Anajaribu kuinua mbegu ya boga. Iliyochapwa.

"Hii inakatala," akasema.

Nikafikiri, basi, ameondoka kabisa. Halafu nikainama, nikaweka uso wangu mahali pa uso wake, nikatazama kile alichotazama. Wapendwa wangu, hata mimi sikuona karanga! Nilikuwa nimemwagia mtu aliyechoka kuchagua vitu mia, nikamwongezea vingine mia vya dukani. Yule aliyepoteza akili siku ile alikuwa mimi.

Nikahitaji kitambaa kisicho na kitu. Karanga zetu zilikuwa zile ndogo nyekundu. Ningepata cheupe kitupu, zingejisema zenyewe. Lakini nani alikuwa na cheupe milimani, wakati wa vita? Shuka za watu zilikuwa za rangi ya njia.

Mmeshajua tayari. Na mimi nilijua, ila niliogopa kuomba.

Nilimweleza Mama Zaina yote: mtumbwi, chumvi, mbegu za maboga. Akasikiliza, mikono kiunoni.

"Machozi, unaniomba sanda yangu, uweke karanga?"

"Karanga za mbegu, Mama."

"Ah! Za mbegu. Basi ni heshima!" Akazunguka kibanda, anasema peke yake. Akarudi. "Nikikufa kesho?"

"Nitaifua asubuhi."

Akacheka, yule mama, kicheko chake cha ufukoni. Akafungua nailoni. "Chukueni. Mi sijakufa. Kitambaa kinalala bure tu kikiningoja."

Tukaitandika uani, mahali pasipo na sufuria wala kuku. Nikamkalisha Mama Wabiwa akitazama ukuta mtupu. Nikaweka mbele yake karanga za kujaza kiganja kimoja, basi. Nikawafukuza wenye midomo. Nikakaa pembeni, na mimi, ninyi mnanijua, sikusema neno.

Akatazama. Kidole chake kikachora mstari juu ya sanda. Tuta la kwanza. Akatoa yenye ukungu, akaiweka kando. Tuta la pili. Akatoa iliyotobolewa, akaigeuza, akaisonya. Kiganja kikaisha, nikaondoa, nikaweka kingine. Sisi tulimaliza vitano yeye akimaliza kimoja. Lakini nilipopitia fungu lake, nikapitia tena, sikupata hata moja ya kutoa.

Mama Zaina alikuwa amesimama nyuma yetu. "Pole pole hivyo, tutapanda Krismasi," akasema. Lakini alikwenda kumfukuza kuku aliyekuwa anakaribia.

Tulipopanda, kila mchaguaji alipanda mstari wake wa mbegu zake, na mwanzoni mwa mstari akasimika kijiti na uzi wake. Hiyo ilikuwa desturi ya depo tuliyoipeleka shambani. Mvua ikanyesha. Siku za kuota zilipofika tukaenda wote kuangalia. Mstari wa uzi mwekundu ulikuwa umeota wote, umesimama kama watoto wa shule. Mstari wa uzi kijani ulikuwa na mashimo manne.

Mama Wabiwa akatembea hadi kwenye shimo langu la kwanza. Akainama. Akatafuta katika udongo kwa muda mrefu.

"Machozi," akasema, "mbuzi wako haijaota?"

Siku ile alikula kwanza. Sijawahi kuona mtu akitafuna polepole hivyo.

Lakini Mama Zaina bado alikuwa na lake. Aliniambia wazi: "Kuchagua, sawa. Na njiani je? Njia hautaitandikia sanda."

Jibu lake alilipata yeye mwenyewe.

Masasi yalilia asubuhi, kuelekea saa tatu, upande wa juu. Katekista alituambia tushuke ziwani, kuna mitumbwi ya kwenda Kazimia. Njia ilikuwa imejaa: watu, mbuzi, baiskeli, magodoro, sufuria zinagonga. Tulifika palipo na mteremko, na Mama Wabiwa akasimama. Kama mbuzi, kweli. Nilimvuta mkono, mguu wake ukakataa, macho yake yakienda huku na huku, na watu wanatusukuma.

"Mama, twende!"

"Fasi gani? Fasi gani, Machozi?"

Mama Zaina akageuka. Nilifikiri sasa atasema lile neno la kumwacha. Badala yake alishusha kifurushi, akakirarua kwa meno, akatoa sanda. Akajitupia kichwani na mabegani, mwili mzima, mpaka miguuni. Akasimama mbele ya Mama Wabiwa, mweupe, kati ya vumbi lote lile.

"Wabiwa! Unaniona?"

"Nakuona."

"Usiangalie kitu kingine. Batu, mbuzi, masasi, acha. Angalia nyeupe tu. Nyeupe ikienda, we enda."

Na akaanza kushuka. Na Mama Wabiwa akamfuata, mguu kwa mguu, macho hayatoki pale, kama siku ile alipouona mtumbwi juu ya maji.

Sasa ngoja niwaambie la kuchekesha, maana hata siku ile lilituchekesha. Watu walipogeuka na kuona sanda inashuka mlima yenyewe, inapiga kelele "Pisheni! Pisheni!", walipisha. Wanaume wazima walirukia majanini. Baba mmoja alitupa godoro na kuomba msamaha wa dhambi zake kwa sauti, tukasikia na jina la mwanamke. Tulifika ufukoni kabla ya watu waliotutangulia. Saba tuliondoka, saba tulipanda mtumbwi.

Hayo yamepita. Tulirudi Baraka, tukafungua depo yetu wenyewe. Mama Wabiwa alichagua kiganja kimoja kimoja kwa miaka mingine, mpaka mchaguaji wa kichwani akalala kabisa, na hapo tulimlisha sisi, sahani ya kwanza, mpaka siku tuliyomzika.

Basi kofia ya Yakobo iwekeni kwenye msumari, peke yake, ukutani pasipo na kalenda. Sahani yake isiwe na maua. Mkimpa kitu, mpeni kimoja. Akifanya kazi, fungeni midomo. Na kabla ya kumuuliza macho ni ya nini, weka kichwa chako pale kichwa chake kilipo, utazame.

Mama Zaina aliishi muda mrefu kuliko alivyotaka. Alipougua mara ya mwisho, watoto wake wakamletea sanda mpya, nzuri, kwa sababu ile ya zamani tuliifua mara nyingi na madoa mekundu ya karanga yalikataa kutoka. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake. Akaishika ile mpya, akaipima kwa vidole kama mfanyabiashara, akawarudishia.

"Hapana," akasema. "Nivalisheni ile yangu ya madoa. Wabiwa iko kule, na kule iko batu mingi."